Kitendawili cha Zau: gemu inapotega na inapoudhi

KATIKA fasihi simulizi, anayeshindwa kutegua kitendawili huombwa mji. Akishautoa, hutajiwa jibu na shughuli ikaendelea. Gemu za kutalii na kufumbua mafumbo, zile ambazo mchezaji huruka jabali hadi jabali akitafuta njia, hazina hisani hiyo. Ukishindwa unarudishwa nyuma, hata mara ishirini, na jibu hupewi ng'o!

Nimeliwaza hili tangu nilipocheza Tales of Kenzera: ZAU katika kibanda kimoja cha pleistesheni hapa Lurambi, Kakamega, ambako aghalabu huchezwa kandanda tu. Gemu hii ilitoka Aprili 2024. Mbunifu wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na chanzo chake ni majonzi ya kufiwa na babake. Zau, mganga kijana, anapatana na Kalunga, mungu wa kifo: amletee roho tatu kuu, naye arudishiwe baba. Isitoshe, unaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili. Vijana wa kandanda walisogea. "Ala! Kumbe wanabonga Kiswahili?"

Raha yake ni ya kitendawili hasa. Unafika penye maporomoko ya maji, huna pa kushika, unapita zako. Baadaye unapata uwezo wa kuyagandisha maji. Kumbe yale maporomoko yalikuwa ukuta wa kuparamia! Jibu lilikuwa mbele ya macho yako. Kuna pia mibuyu ambayo Zau huketi chini yake akatafakari msiba wake, na uhai wake ukaongezeka. (Sisi Wakenya mbuyu tumezoea kuuzunguka kwa sababu nyingine.)

Udhia ni miiba. Ikikugusa tu umekufa, ilhali jibu unalijua. Kilichochelewa ni kidole. Hapo mtegaji ameacha kupima akili. "Mwalimu, hii inakuzungusha tu," kijana mmoja aliniambia, nami nakubaliana naye.

Hata hivyo, kilichonikera zaidi ni neno moja. Nguvu anazokusanya Zau ili kuongeza ujuzi wake zinaitwa Ulogi. Sasa, kuloga ni kumdhuru mtu kwa uchawi, na mganga ndiye humwagua aliyelogwa. Waluhya huku humwita mlogi omulosi, na hakuna anayemchanganya na tabibu. Sina ugomvi na Impundulu, ndege wa radi aliyebakishiwa jina lake la kusini mwa Afrika. Huyo ni mgeni na anajulikana kuwa mgeni. Ulogi ni neno letu. Anayecheza kwa Kiingereza halimsumbui, ila sisi tuliolengwa na sauti za Kiswahili tunamwona mponyaji akijilimbikizia silaha ya adui yake, na hadithi nzima ya kuomboleza na kupona inayumba. Neno uganga lilikuwepo, tena linajulikana hadi kijijini.