Kiingilio cha Mboga: Jinsi Ukumbi wa Barter Ulivyojiendesha

Ukumbi wa maigizo wa Barter uko Abingdon, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa jimbo la Virginia, Marekani. Ulifunguliwa tarehe 10 Juni 1933, katikati ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, na mwigizaji Robert Porterfield, aliyekulia sehemu hizo na kukosa kazi New York. Jina la ukumbi huo lina maana ya kubadilishana mali kwa mali. Kiingilio kilikuwa senti 40, au mazao ya thamani hiyo.

Mpango huo waweza kuonekana kama mzaha, lakini hesabu yake ilikuwa makini. Wakulima walikuwa na mboga, maziwa na mifugo isiyopata mnunuzi. Waigizaji walikuwa na ufundi usiopata mwajiri, na njaa juu yake. Kundi la aina hiyo gharama yake kubwa ni kula na kulala. Pa kulala palipatikana ng'ambo ya barabara, katika majengo ya Chuo cha Martha Washington kilichokuwa kimefungwa. Chakula kililetwa na watazamaji wenyewe, kwani wanne kati ya kila watano walilipa kwa mazao. Kiingilio hakikuhitaji kugeuzwa fedha kwanza. Kilitoka mlangoni kikaingia chunguni. Msimu wa kwanza ulipokwisha, faida ilikuwa dola 4.35, mapipa mawili ya jeli ya matunda, na ongezeko la uzito wa waigizaji ambalo kwa jumla lilizidi ratili 300. Kwa watu waliokuja na njaa, faida ya maana ni hiyo ya mwisho.

Waandishi wa tamthilia nao walilipwa kwa mtindo huohuo. Noël Coward, Thornton Wilder na Tennessee Williams walipokea mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa badala ya mirabaha. George Bernard Shaw, ambaye hakula nyama, alipelekewa spinachi.

Jengo lilikuwa na masharti yake. Lilijengwa mwaka 1831 kuwa kanisa la Wapresbiteri, baadaye likawa ukumbi wa mji. Chini ya jukwaa palikuwa na jela, na kelele za mahabusu zilisikika wakati wa maonyesho. Chumba hicho kikaja kufungiwa mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa, na hatimaye kikawa mahali pa waigizaji kuvalia. Juu ya paa palikuwa na king'ora cha zimamoto. Kikilia, waigizaji waliganda pale walipo, kisha wakaendelea kikinyamaza. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1994.

Mazao hayanunui kila kitu, na samani ni mojawapo. Ukumbi wa Empire wa New York ulipobomolewa mwaka 1953, Porterfield aliomba vilivyomo: viti, mazulia na mitambo ya taa vikasafirishwa hadi Abingdon. Ni mbinu ileile ya kuchukua kilichokosa soko.

Barter, uliotangazwa kuwa ukumbi wa maigizo wa jimbo la Virginia mwaka 1946, sasa ni shirika lisilolenga faida na huuza tiketi kwa fedha. Umebakiza desturi ya kufanya maonyesho ambayo kiingilio chake ni chakula, ila chakula hicho hakiendi tena kwa waigizaji: hupewa benki ya chakula ya eneo hilo.