Panya ana miondoko, hana tabia

Mwaka 2023, jarida la Neuron lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Marekani ambao mwanafunzi yeyote wa isimu angeusoma kwa hamu. Kamera ilimfuata panya akizunguka, kompyuta ikakatakata mwendo wake kuwa vipande visivyofika hata sekunde moja: kugeuka, kusita, kuinuka kwa miguu ya nyuma. Kwa video ya saa moja, bila kungoja panya ashikwe na kifafa, programu ilimtambua mgonjwa hata pale ambapo jicho la binadamu halikuona tofauti.

Vipande hivyo wataalamu wa mbinu hii huviita silabi. Sina ugomvi na sitiari hiyo. Silabi “ka” peke yake haisemi lolote. Iweke katika “kata” au “paka” ndipo maana huchomoza. Kadhalika, panya kusita si ishara ya ugonjwa hadi tujue kilichotangulia na kilichofuata.

Ugomvi wangu ni na “tabia za panya wenye kifafa”, tafsiri ambayo hutujia haraka mno. Tabia katika Kiswahili hubeba hukumu. Tunasema, “Huyu mtoto hana tabia,” tukimlaumu mamake. Leo ni panya, kesho mwandishi ataandika “tabia za watu wenye kifafa”. Hapa kwetu Kisumu, neno hilo litamwumiza mtu. Ufuoni mwa ziwa, malaria kali inayofika kwenye ubongo ni mojawapo ya mambo yanayoweza kumwachia mtoto kifafa, ila majirani hunong’ona habari za laana: “Huyo huanguka, usimguse!” Mzazi aliyekwisha kunyoshewa kidole akisoma “tabia”, ataelewa kwamba mwanawe hakulelewa vizuri.

Tutumie mwenendo? Wapi! Mwenendo nao hupewa alama katika ripoti ya shule. Mimi nachagua miondoko. Neno hilo hutaja jinsi mwili unavyosogea, basi. Shabiki wa ohangla pale Kondele hahitaji kufafanuliwa.

Halafu kuna “ujifunzaji wa mashine”. Nani anajifunza hapo? Fundi wa jua kali atadhani ametangaziwa kozi ya kukarabati posho mill. “Mashine inayojifunza” ni refu kidogo, lakini angalau mtendaji anaonekana.