Mkaa Kabla ya Rangi

Norman Rockwell wa Marekani alikuwa na umri wa miaka 22 jalada lake la kwanza lilipotoka katika The Saturday Evening Post, mwaka 1916. Hadi 1963 alikuwa amelichorea jarida hilo majalada zaidi ya 300. Ilikuwa kazi ya kuagizwa, yenye mhariri wa kuridhishwa na tarehe ya kukabidhi. Hata hivyo, aliifanya hatua kwa hatua, na hatua nyingine nyingi hakuna msomaji aliyeziona.

Alianza na wazo, kipande kidogo cha penseli. Kisha akatafuta sura, na hakwenda mbali. Mwaka 1939 alihamia Arlington, mji mdogo wa Vermont, na majirani ndio waliokaa mbele yake ili wachorwe. Kabla ya kumpanga mtu, aliigiza yeye mwenyewe: akainua nyusi, akainamisha mgongo, mpaka jirani akashika kinachotakiwa. Hapo ndipo mpiga picha aliporuhusiwa kubonyeza. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, nyingi. Baadaye alichukua mkono kwenye hii, shingo kwenye ile.

Sasa mkaa. Alitandika karatasi yenye ukubwa uleule wa turubai, akachora kila kitu: mkunjo wa koti, kifungo, kivuli cha chini ya kidevu. Mkaa hufutika, kwa hiyo mashaka yote yalimalizwa hapo. Nadhani hii ndiyo karatasi yenye Rockwell mwenyewe ndani yake. Baada yake alijaribu rangi kwenye mchoro mdogo, akahamisha mistari kwenye turubai kwa kuifuatisha, na mwisho kabisa akafungua rangi za mafuta.

Mwaka 1942 alitaka kuchora uhuru wa kusema, mmoja wa uhuru nne ambazo Rais Roosevelt alizitaja katika hotuba ya 1941. Alikumbuka mkutano wa mji ambapo jirani mmoja alisimama kupinga hoja iliyoungwa mkono na wengine wote, nao wakamwacha aseme. Turubai ya kwanza ilijaa watu mno. Akaiacha, akaanza upya, na tena, mara kadhaa. Katika ile iliyobaki tunatazama kutoka chini, kama tumeketi benchi la mbele. Mwanamume mwenye koti la kazi amesimama katikati ya wenye tai, taarifa ya mji imekunjwa mfukoni, mikono imeshika benchi. Jirani aliyekaa achorwe hivyo alikuwa na kituo cha mafuta mjini hapo. Picha nne, moja kwa kila uhuru, zilipozungushwa nchini mwaka 1943, kampeni hiyo iliuza hati za dhamana za vita za zaidi ya dola milioni 130.

Akiwa Stockbridge, Massachusetts, karibu na miaka 70, alimchora Ruby Bridges, mtoto mweusi aliyesindikizwa na maafisa wa serikali kuu kwenda shule ya wazungu huko New Orleans mwaka 1960. Alimwita msichana wa mji wake mwenyewe ashike nafasi ya Ruby. Ili hatua ya kutembea itulie mbele ya kamera, viatu vya mtoto viliegemezwa kwenye vipande vya mbao. Maafisa wanne aliwakata mabegani, wakabaki bila vichwa, na jicho la mtazamaji likabaki kwenye kimo cha mtoto. Jarida la Look liliichapisha picha hiyo Januari 1964.