Sambaza na Sahani Moja

Katika sikukuu zetu za Bukavu, sambaza husifiwa kuwa chakula cha mababu. Tunakataa. Kasamaki kale kalitolewa katika ziwa Tanganyika, kakawekwa katika ziwa Kivu miaka ya 1958-1960. Hata muhogo wa bugali ulitoka Amerika ya Kusini.

Basi mila yetu iko wapi? Iko katika namna ya kula: sambaza zimekaangwa katika mawese, pilipili pembeni, mikono imenawiwa, mkubwa na mdogo wanakata bugali moja. Njo pale mtoto anajifunzaka kungojea mwenzake. Leo kila mmoja anabeba sahani yake mbele ya televizio, halafu tunalalamika ya kama batoto habana adabu. Angalau Jumapili jioni, turudishe sahani moja.