Sakafu Iliyopigwa kwa Nyimbo

Mzee mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliyezeekea kwenye chokaa, alichota donge kutoka shimo la kuivishia, akalisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, macho kayafumba. Alikuwa akitafuta chembe. Chembe moja isiyoiva, ikishapakwa ukutani, hunywa unyevu polepole, ikavimba na kuifyatua lipu kutoka ndani. Kijana aliyekuwa kashika ndoo akauliza, "Babu, tuanze?"

"Bado changa," akajibu, akarudishia makuti yaliyofunika shimo.

Siku hizi nani anangojea ukuta uive? Mfuko wa saruji hufunguliwa asubuhi, na kabla ya magharibi lipu imeshapigwa.

Zege la wazee wetu lilikuwa jepesi, nalo halikujua nondo. Lilikuwa chokaa, mchanga, udongo mwekundu na vipande vya matumbawe, jiwe lililojaa vitundu. Hewa iliyonaswa humo ilisaidia kuzuia joto la jua lisipenye. Ingia adhuhuri ya kaskazi katika nyumba ya zamani, yenye ukuta wa unene wa karibu nusu mita, utalijua hilo kabla hujakaribishwa kiti. Kwa zege la namna hiyo walijenga kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na baadhi bado zimesimama baada ya zaidi ya miaka 500.

Ila kilichonikaa moyoni ni kusakifu, jinsi bibi yangu alivyokuwa akinihadithia. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wake ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Juu yake mawe, juu ya mawe zege bichi. Kisha watu wakajipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakapiga kwa wimbo, siku baada ya siku, hadi maji yakapanda juu na sakafu ikashikamana. Aliyechelewesha pigo alichekwa palepale. Bibi alikuwa akiyagonga mapigo hayo kwa kijiko pembeni ya meza, na mimi nikadhani ni mchezo wa watoto. Na tusidanganyane: wengi waliopiga sakafu za matajiri walikuwa watumwa, na utamu wa wimbo haulifuti hilo.

Wala sisemi turudi kuvunja miamba ya bahari. Tanuu la chokaa lilikuwa rundo la magogo lenye matumbawe juu yake, likiwaka mchana na usiku, na lilikula miti bila huruma. Mikoko iliyobaki iachwe.

Ninazungumzia nyumba zilizokwisha kujengwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bado kuta zake zinapigwa lipu ya saruji kila ukarabati unapofanywa kwa haraka. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukizibwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, vikilila jiwe kimyakimya. Baada ya masika kadhaa lipu huanguka bapa zima, na uso wa jiwe umeganda nyuma yake. Mwenye nyumba humwita fundi, na fundi huja na mifuko miwili zaidi ya saruji.