Santuri Kuukuu na Masikio Mapya

Siku moja nilikaa katika duka la fundi wa simu pale Kathiani, nikasikia wimbo mmoja wa zamani wa Kikamba ukipigwa kwa nakala mbili mbalimbali. Ya kwanza ilijaa mikwaruzo, kama mafuta yachemkayo. Ya pili ilikuwa laini, haina chembe ya vumbi. Vijana waliisifu ya pili. Mzee mmoja aliitaka ya kwanza. Nani alikuwa na haki?

Katika miaka ya 1970 nyimbo za benga za Ukambani, kama zile za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulichukua dakika chache tu, kwa hiyo aghalabu wimbo uligawanywa sehemu mbili. Msikilizaji aliinuka, akageuza santuri, wimbo ukaendelea. Leo santuri hizo hutiwa katika kompyuta, na mwenye kazi hiyo hukabiliwa na maswali mawili. Je, afute mikwaruzo? Je, aziunge sehemu?

Wapenda starehe husema kuwa mwimbaji hakuimba mikwaruzo. Neno hili ni kweli. Walakini mikwaruzo na mlio mwembamba wa nyuzi hukaa jirani. Ukifuta mmoja kwa pupa, wafuta na wa pili. Ndivyo ilivyokuwa katika nakala ile safi: gitaa lilisikika kama lapigwa nyuma ya blanketi.

Wapenda historia nao wasizidi kiasi. Vumbi si heshima, na santuri haikuwa ukweli wote, kwani wachezaji dansini hawakusimama kungoja upande wa pili. Kuziunga sehemu si dhambi, maadamu msikilizaji ameambiwa.

Liko jambo moja, hata hivyo, lisilo la hiari, nalo ni mwendo. Siti binti Saad wa Unguja alipoimba Bombay mwaka 1928, sauti yake ilitiwa katika santuri za kale zilizozunguka mara 78 hivi kwa dakika. Ukiizungusha santuri hiyo upesi mno, mwimbaji hugeuka mtoto. Ukiizungusha polepole mno, hugeuka mwanamume. Kosa hilo haliponywi kwa kusema kuwa watu wamelipenda.

Basi hukumu yangu ni hii. Nakala ya kwanza itolewe kwa mwendo wa haki, sehemu zote mbili, pamoja na mikwaruzo yake, iwekwe isiguswe. Kisha atakaye starehe atengeneze ya pili, na aandike wazi alilolipunguza na alilolizidisha. Mwenye nakala ya kwanza aweza kuipata ya pili wakati wowote. Mwenye ya pili peke yake hana njia ya kurudi. Mzee yule wa Kathiani hakuyapenda makelele: alilitaka gitaa lake.