Mwache Acheke Kwanza: Namna ya Kupima Kazi ya Fila Usoni

Kuna picha inazungushwa kwenye simu. Kushoto, mwanamke wa miaka hamsini na ushei mwenye mikunjo miwili mirefu kutoka puani hadi pembe za mdomo. Kulia, mwanamke huyohuyo hana hata mmoja. Watu wanamwaga sifa: mashallah, daktari ana mkono. Mkono gani? Katika picha ya kwanza taa iko juu ya utosi na kidevu kimeinamishwa. Katika ya pili taa iko mbele, kidevu kimeinuliwa, na poda imepakwa. Mkunjo, kwa macho ya mtazamaji, ni kivuli tu. Nipeni taa ile niisogeze, nitafuta nusu yake bila kufungua bomba la fila, ile jeli inayodungwa kujaza mikunjo.

Lakini hata picha iliyopigwa kwa haki inaficha jambo, nalo ndilo jambo lenyewe: uso wa pichani hausemi, haucheki, hautafuni. Mteja hulitazama shimo pembeni ya pua, akiona limejaa anaridhika na kulipa. Hapo hajaona kitu.

Ukitaka kuipima kazi, mkalishe mwenye uso karibu na dirisha, kisha mchekeshe. Usimwambie atabasamu, maana tabasamu la kuombwa huishia midomoni. Msimulie kisa, umwache asahau kwamba anatazamwa. Shavu linapopanda, ngozi inapaswa kukunjika palepale ilipozoea kukunjika miaka yote, kwa wepesi. Jeli ikiwa ngumu mno, au ikiwa imewekwa juujuu, utaona kimstari kilichovimba kando ya mdomo, kimesimama peke yake huku nyama inayokizunguka ikisogea. Hilo hata mwanafunzi hulitambua. Mafundi hutambuana kicheko kinapoisha. Uso uliotengenezwa vizuri hurudi wote kwa pamoja. Uliojazwa ovyo hurudi kwa vipande: shavu limeshatulia, mdomo wa juu ungali umenyanyuka upande mmoja, ndipo nao unafuata kwa kusitasita. Ni nusu sekunde, na wakati huo mteja yuko kwenye kioo anatafuta mkunjo wake.

Daktari mmoja mzee aliyenifunza alikuwa na desturi ya kuwapa wagonjwa chai na biskuti siku ya kurudi, wiki mbili baada ya sindano. Walimsifu kwa ukarimu. Kumbe alikuwa anakaa upande wa pili wa meza kutazama wanavyotafuna. Nimemjua pia mwingine aliyepiga picha zake za “baada” mgonjwa akiwa bado kitandani, uvimbe ungali mbichi. Uvimbe hujaza mkunjo bure kwa siku chache. Ukishuka, mteja anauziwa bomba la pili.

Kuhusu jeli yenyewe, watu hunisomea maandishi ya boksi. Restylane, iliyopata kibali Marekani mwishoni mwa 2003 kwa mikunjo hii hasa, ina miligramu 20 za asidi ya hayaluroniki kwa mililita. Juvéderm Ultra ina 24. Basi wanadhani 24 ni bora. Miligramu peke yake haisemi kitu. Uliza jeli inahimili vipi kubadilishwa umbo, yaani ji-praimu yake. Ile ngumu kama ugali hukaa chini, karibu na mfupa. Ile laini kama uji hukaa juu, ngozi inapojikunja. Atumiaye moja kwa kila mahali hajui kazi. Na mara nyingi nusu ya kazi haipo kwenye mkunjo kabisa, ipo shavuni, maana shavu ndilo lililoporomoka.

Mkunjo usifutwe wote. Mtoto wa miaka mitano akicheka anao, sembuse bibi yake. Mabomba mawili kwa kikao kimoja yanatosha. Anayetaka la tatu arudi mwezi ujao, na sababu msiniulize. Kwa ngozi zetu nyeusi napendelea kanula, sindano yenye ncha butu, tundu moja kila upande, kwa kuwa kila tundu la sindano laweza kuacha doa la miezi.

Ateri ya uso hupita karibu na mkunjo huo. Jeli ikiingia humo, ngozi yaweza kufa, na jicho laweza kupofuka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kama hayaluronidasi imo kabatini, na uoneshwe. Dawa hiyo huyeyusha asidi ya hayaluroniki tu. Fila za aina nyingine haiziyeyushi: si Radiesse, wala Sculptra, ambayo Marekani iliidhinishwa mwaka 2004 kwa nyuso zilizokondeshwa na VVU. Nyuso hizo huku kwetu tulizijua vizuri miaka ya stavudini, dawa ya VVU iliyokondesha nyuso, kabla WHO haijashauri mwaka 2009 iachwe polepole.

Nazikumbuka kwa hamu simulizi za enzi za kolajeni ya ng'ombe, fila iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Ulijaribiwa kwanza mkononi, ukasubiri wiki nne kuona kama mwili utaikataa, na baada ya yote hayo ikadumu miezi michache. Subira ile iliwachuja watu. Siku hizi mtu anaingia wakati wa chakula cha mchana, anatoka na uso ambao hakuufikiria hata usiku mmoja.

Wa kuogopwa zaidi ni anayeuza cha kudumu milele. Daktari mpasuaji Robert Gersuny wa Vienna alidunga parafini mwishoni mwa karne ya 19, na ulimwengu ukaipapia. Gladys Deacon, mrembo wa Kimarekani aliyekuja kuwa mke wa Duke wa Marlborough, alitiwa nta puani apate pua ya sanamu za Kigiriki. Nta ikashuka kidevuni. Mafuta ya silikoni yanayodungwa leo kwenye vyumba vya nyuma hayana tofauti, ila bei.

Mwisho, boksi lifunguliwe mbele yako. Ndani mna vibandiko vyenye namba ya toleo: kimoja kibandikwe kwenye faili, kingine uende nacho nyumbani. Ukiambiwa vibandiko vimekwisha, uliza bomba hilo lilifunguliwa kwa ajili ya nani.